Mwani Kwanza, Samaki Mwisho: Kutengeneza Tangi la Bahari la Samaki Chura Ukiwa Kisumu

Samaki chura hakimbizi chakula. Hukaa juu ya jiwe au katikati ya mwani mchana kutwa, ngozi yake yenye vinundu ikiwa imeshika rangi ya vitu vilivyo karibu, huku akitikisa chambo kidogo kilicho kwenye ncha ya ufito unaoota juu ya mdomo wake. Samaki mdogo akisogea kuchungulia kinachocheza pale, habari yake imeisha. Watafiti waliompiga picha kwa kamera za kasi walikuta mdomo unafunguka na kuvuta windo ndani kwa muda wa takriban milisekunde 6. Anaweza kumeza samaki mwenye urefu sawa na wake, na mara nyingine tamaa hiyo ndiyo inayomuua.

Wengi wanaotaka kumfuga humnunua kwanza, kisha ndipo wanaanza kuuliza chumvi inauzwa wapi. Ukiwa Mombasa mchezo huo unaweza kukuponya, maana bahari iko hapo nje. Ukiwa Kisumu, zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani kwa barabara, huna jirani wa kukugawia ndoo ya maji ya bahari saa tano za usiku. Huyu ni mla nyama anayechafua maji kupita ukubwa wake, na kinachobeba uchafu huo kwa bei nafuu ni mwani ulioshika vizuri. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na siupindui kwa ajili ya mtu yeyote mwenye haraka: maji, mawe, mwani, subira, ndipo samaki.

Ni samaki yupi hasa

Kwa tangi la nyumbani kuna wawili wa kufikiria. Antennarius pictus anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii, kwa hiyo ni mwenyeji wa maji yetu. Hukua hadi karibu sentimita 30, ingawa wengi hubaki chini ya hapo. Antennarius maculatus ni mdogo zaidi, hafiki mbali sana na sentimita 15, ana vinundu vingi na mara nyingi mabaka mekundu au ya chungwa juu ya rangi nyeupe au njano. Yupo pia Antennarius commerson, lakini huyo ni jitu. Muuzaji akikuonyesha mtoto wake mwenye urefu wa kidole gumba, mshukuru na uondoke.

Usitegemee rangi katika kuchagua. Samaki hawa hubadilika kwa wiki kadhaa kufuatana na mazingira. Uliyemlipia kwa sababu ni wa njano anaweza kuwa kahawia ukishamweka katikati ya mwani mwekundu. Kwangu hilo ndilo tamu la kumfuga: unampa bustani, naye anajigeuza awe sehemu yake.

Ataishi peke yake. Samaki mwenzake wa ukubwa wowote unaoingia mdomoni ni chakula, na mkubwa zaidi atamdonoa ngozi akidhani ni jiwe lenye mwani. Hata samaki chura wawili hawawekwi pamoja, kwa sababu humezana.

Tangi na mahali pa kuliweka

Chukua urefu wa sentimita 100, upana 50, kimo 50. Hiyo ni lita 250 kwa hesabu ya vipimo. Ukitoa nafasi ya mawe, mchanga na ukingo wa juu, unabaki na maji karibu lita 200. Fundi wa vioo mzuri atalijenga kwa kioo cha milimita 10 chenye mikanda ya kioo juu kuzuia kutanuka katikati. Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka na isiyo na dawa ya kuua ukungu; ile ya bafuni mara nyingi imetiwa sumu hiyo. Liache likauke wiki nzima, kisha ulijaze maji ya bomba nje kwenye sakafu tambarare kwa siku mbili ukiangalia kama linavuja.

Likijaa litapita kilo 300. Meza ya kawaida ya televisheni haiwezi. Tengenezewa stendi ya chuma cha mraba na upake rangi mara mbili, kwa sababu chumvi hula chuma bila huruma. Ukiwa umepanga ghorofani, liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba. Usiliweke kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Jua la Kisumu litapandisha joto na kuotesha ute wa kijani kwenye vioo kabla mwani wako haujashika.

Maji: hapa ndipo kazi ilipo

Kuna njia za mkato ambazo kila mgeni huziwaza, nami nitazifunga moja moja.

Chumvi ya mezani haifai. Ni sodiamu kloridi yenye madini joto, basi. Maji ya bahari yana magnesi, kalsiamu, potasiamu, salfati na vingine vingi ambavyo mwani na samaki wanavihitaji. Nunua chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Wauzaji wa Nairobi na Mombasa wanaituma kwa basi bila shida.

Maji ya Ziwa Nakuru, Elmenteita au Bogoria hayafai pia, japo yana chumvi. Chumvi yake ni ya magadi, na pH yake huwa karibu 10. Bahari iko karibu 8.1. Samaki wa baharini hatamaliza siku humo.

Maji ya bahari yenyewe kutoka Mombasa? Yanawezekana, lakini hesabu nauli ya mitungi kumi ya lita 20, kisha fikiria kwamba utahitaji mingine kila baada ya wiki mbili. Mtu akikuletea, hakikisha yametekwa mbali na bandari na mito, na siyo baada ya mvua.

Basi tunachanganya wenyewe. Maji ya bomba ya Kisumu yana klorini, na vumbi na nitrati hubadilika kulingana na msimu. Visima vingi vya upande wa Nakuru vina floridi nyingi. Maji ya mvua yanavutia, lakini bati kuukuu hutoa zinki, na zinki pamoja na shaba ni sumu kwa konokono na viumbe vingine vidogo vya baharini. Njia rahisi mjini ni vile vibanda vya kujaza maji ya kunywa vinavyotumia mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha karibu kila kilichoyeyuka nyuma. Nenda na kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, ni kifaa kidogo cha bei ya chini. Omba maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye mtambo kabla ya kurudishiwa madini ya ladha. Kipimo kikisoma chini ya 10, jaza mitungi. Kikisoma 60, tafuta kibanda kingine. Ukiona tangi limekuwa sehemu ya maisha, nunua mashine yako ndogo ya RO. Baada ya mwaka utakuwa umerudisha gharama.

Changanya kwenye pipa jipya la plastiki la kuhifadhia chakula, lisilowahi kubeba sabuni wala dawa za shamba. Tia maji kwanza, kisha chumvi kidogo kidogo huku pampu ikikoroga. Ukimimina maji juu ya chumvi, kalsiamu huganda na kuzama na haitayeyuka tena. Kwa lita 200 utatumia takriban kilo 7.5, kutegemea aina ya chumvi. Acha pampu ifanye kazi usiku kucha, kisha pima kwa rifraktomita iliyosawazishwa, kile kifaa cha kusoma kiasi cha chumvi kwa kutazama tone la maji kwenye mwanga. Unataka gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito wa maji hayo yakilinganishwa na maji safi huonekana kama 1.025 au 1.026. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganya ikipata kiputo cha hewa, kwa hiyo ikiwa huna budi kuitumia, igonge kidogo na upime mara mbili.

Jambo moja wanaoanza hulisahau: maji hukauka lakini chumvi haikauki. Kwa joto la Kisumu, feni ikiwa inapuliza juu ya tangi, unaweza kupoteza lita moja hadi tatu kwa siku. Hizo unazirudisha kwa maji ya RO yasiyo na chumvi, kila siku. Ukirudisha maji ya chumvi, ndani ya wiki chache tangi litakuwa na chumvi kuliko Bahari ya Shamu. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo, na kila asubuhi jaza hadi hapo.

Mawe na mchanga

Huhitaji kung'oa kitu chochote kwenye mwamba hai wa bahari, na kwenye hifadhi za baharini kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ni marufuku kabisa. Tumia mawe ya matumbawe ya zamani, yale yanayochimbwa nchi kavu na kujengea nyumba kote pwani. Ni chokaa yenye matundu mengi, na ndani ya matundu hayo bakteria hufanya makao. Agiza vipande visivyo na saruji wala rangi. Dondoshea siki: yakitoa povu ni chokaa halisi. Yasugue kwa brashi, yaloweke kwenye maji ya RO kwa wiki mbili hadi tatu ukibadilisha maji, kwa sababu huweza kutoa fosfati mwanzoni.

Kilo 20 zatosha. Panga ukitengeneza pango moja kubwa na vibaraza viwili vitatu vya chini. Samaki chura anatembea zaidi ya anavyoogelea; mapezi yake ya kifuani yamejikunja mithili ya mikono. Mpe pa kukanyaga. Mchanga uwe wa aragonaiti, yaani wa chokaa ya baharini, kina cha sentimita 3 hadi 5. Mchanga wa ziwa uache kwa mafundi wa ujenzi.

Joto, hewa na stima

Samaki huyu anataka nyuzi 24 hadi 27. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana joto la nyumba yenye paa la bati lisilo na dari hupita 30 kirahisi. Adui yako hapo ni joto, na jibu la kwanza ni feni ndogo inayopuliza uso wa maji. Hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya maji yapae kwa kasi. Nakuru ni kinyume: mji uko karibu mita 1,850, na usiku wa Julai hita ya wati 200 si anasa. Kisumu weka hita pia, ya wati 100, kwa ajili ya usiku wa mvua, lakini iwe na kidhibiti cha pembeni kinachokata umeme ikikwama.

Halafu kuna hewa, ambayo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa pwani haiitaji kabisa. Kadiri unavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua nayo. Usawa wa bahari, maji ya chumvi yenye nyuzi 25 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Kisumu kiasi hicho hushuka hadi karibu 6, na Nakuru chini zaidi. Yakipata joto hupungua tena. Kwa hiyo uso wa maji lazima utikisike wakati wote. Elekeza mdomo wa pampu moja juu, na ufunge skima ya povu. Skima huvuta hewa nyingi ndani ya maji huku ikitoa mafuta na protini zinazobaki baada ya mla nyama kula.

Stima ikipotea usiku, mwani unaacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia pamoja na samaki na bakteria. Tangi lenye mimea mingi hukosa hewa haraka gizani kuliko tangi tupu, ingawa mchana mambo huwa kinyume. Pampu ya hewa yenye betri ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua baada ya tangi lenyewe. Ukiwa na sola nyumbani, au inveta na betri ya volti 12, unganisha pampu moja ya maji hapo na uache taa na hita. Nyaya zote zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Soketi iwe juu zaidi ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Usiingize mkono kabla ya kuzima.

Mwani

Sasa tumefika bustanini. Mwani hunyonya amonia, nitrati na fosfati, ambavyo ndivyo anavyozalisha samaki wako kila anapokula. Unapoukata na kuutoa, umetoa uchafu kabisa nje ya tangi. Lakini usidhani ni mimea ya kupandwa popote ukaisahau. Unahitaji mwanga, mkondo na lishe.

Anza na Chaetomorpha. Inafanana na stilwaya ya kijani, haina mizizi, haisambai mawe, na ni vigumu kuiua. Iweke kwenye kona yenye mkondo ikiwa imefungwa kwa wavu wa plastiki. Si nzuri sana kwa macho, lakini ndiyo mfanyakazi.

Kwa uzuri, tumia Gracilaria nyekundu na Halimeda. Halimeda hujenga vipande vyake kwa chokaa, kwa hiyo hunywa kalsiamu. Shikilia kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na ukali wa kaboneti (dKH kwenye vipimo vya dukani) kati ya 8 na 10. Zifunge kwenye mawe kwa uzi wa kuvulia. Samaki chura mwekundu ndani ya Gracilaria hatoonekana na mgeni wako hadi umwoneshe kwa kidole, na hata hapo atabisha.

Caulerpa ina majani mazuri yanayotambaa na wauzaji huipenda. Mimi naiweka mwisho wa orodha. Mmea mzima ni seli moja, hata ukiwa na urefu wa mita. Ukiukata ovyo unavuja. Ukikosa lishe au mwanga ukibadilika ghafla, unaweza kugeuka mweupe usiku mmoja na kumwaga vilivyomo vyote majini, na asubuhi maji ni maziwa na oksijeni imekwisha. Spishi moja yake, Caulerpa taxifolia, ilionekana baharini mbele ya Monaco mwaka 1984 na ikaenea sehemu nyingi za Mediterania. Ukiitaka lazima, chukua Caulerpa prolifera, ikate kwenye shina linalotambaa tu, na uvune kidogo kila wiki.

Kuna aina tunayolima wenyewe: Eucheuma, ambayo wakulima wanaiita spinosum, na Kappaphycus, wanayoiita cottonii. Akina mama wa Kibuyuni huko Kwale wanazilima kwenye kamba ndani ya maji ya kina kifupi. Kipande kibichi kikisafirishwa usiku, kimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji ya bahari ndani ya kisanduku cha baridi, hufika kikiwa hai. Zinadai mwanga mkali na mkondo zaidi kuliko nyingine, kwa hiyo ziweke juu, karibu na taa. Kabla ya kuingiza mwani wowote wa kutoka baharini, usuuze kwenye ndoo ya maji ya chumvi mara tatu. Hutoka kaa wadogo, minyoo na sungura wa baharini, ambaye ni aina ya konokono laini. Huyo wa mwisho hula bustani yote.

Nyasi za baharini ziache kwanza. Zinataka mchanga wa kina cha sentimita 10 na zaidi, na miezi mingi bila kuguswa, na samaki chura akitembea juu yake hazishiki. Miche ya mkoko, ile Rhizophora yenye mbegu ndefu, inapendeza ikisimamishwa mizizi ndani na majani nje juu ya tangi. Nunua kwenye vitalu vya vikundi vya jamii vinavyopanda mikoko, na unyunyizie majani maji safi kila siku mbili. Lakini hukua polepole, na uchafu inaonyonya ni kidogo. Ni pambo, usiuhesabu kama chujio.

Taa: LED nyeupe ya kelvini 6,500, saa 8 hadi 9 kwa siku, yenye kipima muda. Taa ya nje ya wati 50 ya duka la vifaa vya umeme inatosha, mradi haipitishi maji na imening'inizwa sentimita 30 juu. Samaki mwenyewe hapendi mwanga mkali. Pango ulilojenga ndilo la kazi hiyo.

Mkondo ndio mvutano mkubwa wa tangi hili. Mwani unataka maji yanayotembea, samaki anataka utulivu. Tumia pampu ya lita 2,000 kwa saa, ielekeze kwenye ukuta wa nyuma ili maji yazunguke juu na kurudi chini yakiwa yamepoa nguvu, na uhakikishe kona moja ya mbele imetulia kiasi kwamba punje ya chakula inaanguka wima. Kila mdomo wa pampu unaovuta uvalishwe sifongo. Samaki chura hukaa popote, na mapezi yake yakivutwa humo hayatoki mazima.

Kusubiri

Mawe na mchanga vikiwa ndani, maji yana chumvi sahihi, tia mwani na chupa ya bakteria wa maji ya chumvi, wale wanaogeuza amonia yenye sumu kuwa nitriti, kisha nitrati. Kisha tupia kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini, cha ukubwa wa ukucha, na ukiache kioze. Pima amonia na nitriti kila siku ya pili. Amonia itapanda, ikishuka nitriti itapanda, nayo ikishuka nitrati itaonekana. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Mwani huweza kuficha kupanda huku kwa kunyonya amonia moja kwa moja, kwa hiyo usishangilie mapema. Rudia kipande cha pili. Amonia na nitriti zikirudi sifuri ndani ya saa 24, bakteria wameshika.

Hapo ongeza konokono, sio kaa, sio kamba, na subiri mwezi mwingine mwani ukue. Dalili ninayoitafuta ni moja: umevuna mara mbili na umerudi. Nitrati ikae kati ya miligramu 5 na 20 kwa lita. Ikifika sifuri mwani hupauka na kuvunjika. Ikitokea hivyo kabla samaki hajaja, lisha tangi kipande cha kamba kwa wiki.

Kumleta

Muulize muuzaji maswali matatu: yuko kwenye chumvi kiasi gani, anakula nini, na lini alikula mara ya mwisho. Omba video akila. Asiyekula dukani huenda asile kwako. Chagua mwenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, ngozi isiyo na utando mweupe, tumbo lisilojaa hewa. Usitishike usipoona matamvua yakicheza. Hupumua kupitia tundu dogo lililo nyuma ya pezi la kifuani. Aagizwe akiwa na tumbo tupu, siku tatu bila kula, kwa sababu akicheua ndani ya mfuko atajitia sumu.

Akitoka Mombasa jioni, atakuwa amekaa mfukoni zaidi ya saa 12. Ndani yake kuna amonia, lakini kaboni dioksidi imeshusha pH na kuifanya isidhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa inaingia, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu kali. Kwa hiyo ule mtindo wa kumzoesha samaki kwa kudondosha maji ya tangi mfukoni kwa saa mbili hapa haufai. Andaa tangi dogo la karantini lenye chumvi sawa na ya muuzaji. Acha mfuko uelee humo ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, muhamishe mara moja.

Usitumie wavu, na usimtoe nje ya maji hata sekunde moja. Akishtuka humeza maji na kuvimba. Akiwa nje humeza hewa, na hewa ikikwama tumboni ataelea kichwa chini hadi afe. Mzamishie bakuli la plastiki, mwongoze aingie, muhamishe akiwa ndani ya maji yake, kisha umwage yale yaliyozidi.

Karantini ni wiki nne. Dawa ya shaba iweke mbali naye, kwa maana hana magamba ya kumkinga. Na usiitie kamwe kwenye tangi la mwani.

Kulisha

Hapa ndipo wengi huwaua, na kwa upendo. Mtoto anakula mara moja kila siku mbili au tatu. Mkubwa, mara moja kila siku nne au tano. Windo lisizidi theluthi moja ya urefu wake. Ataomba zaidi, atakutikisia chambo kila upitapo, mwache.

Mwanzoni huenda akataka kilicho hai tu. Watu wa Kisumu watakuambia umpe vifaranga vya ngege kutoka kwa wafugaji, kwa kuwa ni vingi na rahisi. Sipendi: miiba ya mgongoni ni mikali, na samaki wa ziwani hawana mafuta ambayo samaki wa bahari anayahitaji. Kwa kuanzia nunua moli, wale weusi wa maduka ya samaki wa mapambo. Wanavumilia maji ya bahari kamili ukiwaongezea chumvi polepole kwa siku mbili tatu, na huzaliana wenyewe kwenye ndoo. Walishe chakula kizuri cha baharini siku nzima kabla ya kuwatoa.

Akishazoea, mhamishe kwenye chakula kilichokufa. Tumia kijiti kirefu cha plastiki angavu. Chomeka kipande cha kamba au ngisi wa kugandishwa, kilichoyeyushwa na kusuuzwa, kisha kipitishe mbele yake kwa mwendo wa kusitasita, sentimita chache kutoka mdomoni. Usimgonge uso. Akigeuka, ondoa, jaribu kesho. Mara nyingi njaa ya siku nne humfundisha. Badilisha vyakula: kamba leo, ngisi kesho kutwa, minofu ya samaki wa bahari siku nyingine, kwa kuwa kamba peke yake kwa miezi huleta upungufu wa vitamini B1. Omena wakavu hawafai kitu hapa. Wale nao ni wa mezani kwako.

Kipande asichokila kitolewe ndani ya nusu saa.

Kazi za wiki na safari

Kila wiki pima chumvi, joto, nitrati na ukali wa kaboneti, safisha kikombe cha skima, suuza sifongo kwenye maji ya tangi uliyoyatoa, na kagua mwani. Kila wiki mbili badilisha lita 25, ambazo hutumia karibu kilo moja ya chumvi. Vuna mwani ukifika theluthi mbili ya nafasi yake, usingoje ujikunjie kivuli. Uanike juani hadi ukauke kabisa kabla ya kuutupa. Maji machafu ya chumvi yasimwagwe shambani wala kwenye mtaro unaokwenda ziwani, yamwage chooni. Samaki huyu na mwani wake hawawezi kuishi Ziwa Victoria, lakini pwani wanaweza, na watu wa ziwa hatuhitaji kukumbushwa mbuta na magugu maji yalifikaje.

Desemba ukienda ushago, samaki mkubwa mwenye afya huvumilia wiki nzima bila kula. Mlishe siku mbili kabla ya kuondoka, si asubuhi ya safari. Mwachie jirani mitungi miwili ya maji ya RO iliyoandikwa kwa kalamu nene, mwoneshe mstari kwenye kioo, mfundishe kuwasha pampu ya betri stima ikipotea, halafu kifungie kabisa chakula cha samaki, kwa sababu akikiona tu atamhurumia.